Mpini Midomoni na Mpini Mikononi: Uhakiki Kutoka Kabazana

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno mpini hufanya kazi nyingi kuliko kifaa chenyewe. Mwenye mamlaka husemwa kuwa ameshika mpini. Mnyonge husemwa kuwa ameshika makali. Wanasiasa hulitumia neno hili majukwaani, waandishi hulitumia vitabuni, na sisi walimu hulitumia kila tunapowaonya vijana wasishindane na aliyewazidi nguvu. Lakini mtu akiuliza darasani mpini huchongwa vipi, kwa mti gani, na kwa nini mmoja hupasuka kabla ya mwaka kwisha ilhali mwingine hurithiwa na mtoto wa fundi, aghalabu atajibiwa kwa kimya. Makala haya yanakusudia kuuchunguza ukimya huo. Tutauhakiki mpini kama tunavyouhakiki utungo, tukitazama umetokana na nini, umeumbwa vipi, na unamfanyia nini anayeutumia.

Hatutazungumzia mpini wa jembe wala wa shoka, ingawa hiyo ndiyo inayojulikana zaidi. Tumechagua mpini wa chuma cha kunakshia, yaani kile chuma chembamba ambacho fundi hukisukuma kwa kiganja, au hukigonga kwa nyundo, ili achore maua, herufi na mistari katika mti, pembe au shaba. Tumeuchagua kwa kuwa ni mdogo, na katika kitu kidogo kosa halina mahali pa kujificha. Mpini wa jembe ukikosea unene kidogo, mkulima ataendelea kulima. Mpini wa chuma cha nakshi ukikosea unene kidogo, mstari utakwenda upande, na shaba haisamehi mstari uliokwenda upande.

Tumeuchagua pia kwa sababu ya mahali. Kabazana ni mojawapo ya vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wilaya ambayo mwaka 2005 ilimegwa kutoka wilaya ya Mbarara. Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo yamo miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya aina hiyo barani Afrika. Kabazana ndipo kilipo kituo cha kuwapokea wanaofika. Kwa hiyo ni mahali ambapo Mkongomani wa Kivu, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali hukutana kabla hawajajuana majina, na mara nyingi lugha wanayoiokota ili waelewane ni Kiswahili. Kila mmoja huja na Kiswahili chake, na fundi huja na mkono wake. Chuma cha kazi huweza kuachwa njiani, lakini mazoea ya mkono hayaachwi. Hapo ndipo swali la mpini linapokuwa swali la kweli: mtu amefika, ujuzi anao, kipande cha chuma amekipata, na kinachomtenga na kazi yake ni kipande cha mti cha urefu wa kidole.

Mpini katika fasihi yetu

Tuanze na fasihi simulizi, maana ndiyo tunayoifundisha kabla ya nyingine. Humo mpini una sura mbili tu. Sura ya kwanza ni ile ya mamlaka tuliyokwisha kuitaja. Sura ya pili ni ya usaliti. Iko ngano inayosimuliwa katika nchi nyingi, na hata katika hekaya za Kiyunani za Esopo imo, ya mtu aliyekwenda msituni na shoka lisilo na mpini akaiomba miti imgawie kipande kimoja. Miti ikampa, naye alipokwisha kutia mpini, akaikata yote. Walimu huiunganisha ngano hii na methali isemayo kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na somo likaishia hapo.

Hatuna ugomvi na mafunzo hayo. Ugomvi wetu ni kwamba katika sura zote mbili mpini hauna mtengenezaji. Katika sura ya kwanza mpini umekwisha kuwapo, na linaloulizwa ni nani ameushika. Katika sura ya pili mti hutolewa na papo hapo hugeuka mpini, bila kupasuliwa, bila kukaushwa, bila kutobolewa. Fundi akiisikia ngano hiyo ataona tundu katikati yake. Mti mbichi uliokatwa asubuhi na kutiwa katika shoka adhuhuri hauwezi kuangusha msitu, kwani utakauka huku ukitumika, utasinyaa, na shoka litachomoka na kuruka, pengine likamjeruhi mwenyewe. Ni kweli kwamba ngano haina wajibu wa kufundisha useremala. Lakini mhakiki ambaye miaka yote hajaliona tundu hilo anajulisha kwamba amezoea kuyasoma maneno bila kuvijua vitu vyake.

Hebu tuitazame sasa ile sura ya mamlaka kwa jicho la fundi wa nakshi. Msemo wetu huweka mpini upande mmoja na makali upande wa pili, kana kwamba ni maadui wawili na kila mtu hana budi kuchagua upande wake. Mtazame mchoraji wa shaba anavyoshika chuma chake. Kichwa cha mpini kimekaa ndani ya kiganja. Vidole, hata hivyo, haviko juu ya mpini. Vimenyooka mbele vikakishika chuma chenyewe karibu na ncha, na kidole gumba kimekanyaga juu ya kazi. Kiganja husukuma; kidole gumba huzuia. Bila kiganja ncha haiendi, na bila kidole gumba ncha huteleza ikaharibu kazi ya siku nzima au ikachoma mkono wa pili. Fundi huyu ameshika mpini na makali kwa wakati mmoja, na ustadi wake wote umo katika mapatano ya hivyo viwili. Kwa maneno mengine, anayesukuma ndiye huyo huyo anayezuia. Msemo wetu ungalijifunza kutoka kwake, ungalitufundisha jambo kubwa zaidi kuhusu mamlaka kuliko lile unalotufundisha sasa.

Mipini mitatu

Tuache midomo tuingie mikononi. Mhakiki hawezi kuhukumu aina ya kazi bila kuweka kazi yenyewe mezani, basi sisi tunaweka mipini mitatu ambayo mtu aweza kuiona katika vibaraza vya mafundi wa makazi haya na katika maduka ya vifaa mjini Mbarara.

Mpini wa kwanza ni wa dukani. Umechongwa kwa mashine, mviringo kamili, umepakwa vanishi ukang'aa. Sifa zake tuzikubali: mti wake umekaushwa vizuri, na pete yake ya chuma imebana. Lakini una makosa matatu. Kosa la kwanza ni urefu. Mpini huu ulipimwa kwa mkono ambao haupo hapa, na kila anayeununua, awe kijana wa miaka kumi na minne au mtu mzima wa mikono mipana, hupata urefu ule ule. Kosa la pili ni huo mviringo kamili. Anayechora shaba au pembe hana budi kukilaza chuma karibu kabisa na kazi. Upande wa chini wa mpini ukiwa umetokeza, chuma huinuka, na ncha huzama badala ya kuteleza juu ya uso wa kazi. Ndiyo maana mafundi hunyoa upande wa chini ukawa bapa. Tena kitu cha mviringo kikiwekwa mezani hubingirika, na ncha iliyonolewa kwa saa nzima huvunjika ikianguka chini. Kosa la tatu ni vanishi, ambayo huteleza mkono unapotoka jasho, na mkono unaoteleza huongeza nguvu ya kubana hadi ukachoka kabla ya wakati.

Mpini wa pili ni gunzi la mahindi. Wasomaji wa mijini watacheka, lakini katika Afrika Mashariki nzima tupa ngapi zinatumika zikiwa zimechomekwa katika gunzi? Nalo lina sifa zake. Halinunuliwi, ni jepesi, hunywa jasho, na likiharibika kuna jingine. Katika mahali ambapo kila shilingi ina kazi yake, hizo si sifa za kudharauliwa. Hata hivyo gunzi lina kosa moja linalofuta sifa zote: halishiki. Chuma kikisukumwa mara kwa mara, tundu hupanuka, gunzi husagika ndani, na siku moja ule mkia wa chuma ulioingia katika gunzi hupenya na kutokea nyuma, mahali kiganja kilipo. Fundi aliyetobolewa kiganja na mkia wa tupa hapotezi siku moja tu. Mkono wa kazi ukiingia usaha, familia nzima hushinda njaa.

Mpini wa tatu ni ule ambao fundi amejichongea mwenyewe, na kwa huu tutakawia kidogo, kwa kuwa ndio unaostahili kuitwa utungo.

Fundi huanza kwa kuchagua mti. Miti laini kama mparachichi na msonobari huiacha, kwa sababu hubonyea na kupasuka. Hupenda mti wa mpera, ambao ni mgumu, nyuzi zake ni nzito na zimeshikana, na hupatikana nyuma ya nyumba. Au mti wa kahawa, ambao wakulima wa Ankole huung'oa ukizeeka na aghalabu huishia jikoni. Pembe ya ng'ombe wa Ankole, ambayo wageni huisifu kwa ukubwa wake, hufaa kwa mpini wa kisu cha mapambo kuliko kwa mpini wa kazi: ikipata jasho huteleza, na ikilowa na kukauka mara nyingi hubanduka tabaka kwa tabaka. Mpingo wa Wamakonde ni mgumu kupita yote, lakini huku kwetu haupatikani kwa urahisi, na uzito wake hufaa zaidi kwa mpini wa kugongwa kuliko wa kusukumwa.

Baada ya kuchagua mti, fundi hupasua badala ya kukata kwa msumeno, kwani msumeno hupita popote unapoelekezwa, lakini ufa hufuata nyuzi. Kipande kilichopatikana kwa kupasua kina nyuzi zinazokwenda kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na mpini wa namna hiyo hauvunjiki kwa upande. Hukwepa pia ile sehemu laini ya katikati ya tawi, maana hapo ndipo nyufa huanza mti unapokauka, na tundu likitobolewa hapo hupotoka. Kisha vipande huwekwa kivulini kwa miezi kadhaa, ncha zake zikiwa zimepakwa nta au rangi ili zisikauke upesi kuliko katikati zikapasuka. Hii ndiyo hatua ambayo mwenye haraka huiruka. Mpini wa mti mbichi hupendeza siku ya kwanza, lakini ukikauka husinyaa, na pete huanguka yenyewe.

Halafu huja kipimo. Kwa chuma cha kusukuma, kichwa cha mpini huumbwa mfano wa uyoga ili kijae katika kiganja bila kukichoma. Chuma kikiwa ndani ya mpini, na kichwa kikiwa kiganjani, ncha yapaswa kutokeza mbele ya kidole gumba kiasi cha upana wa kidole kimoja tu. Ikizidi hapo, kidole gumba hakiwezi kuizuia. Ikipungua, haifiki kwenye kazi. Kwa chuma cha kugonga mambo ni mengine. Mpini huwa mrefu zaidi, kichwa chake ni bapa, na huvishwa pete juu na chini ili usichanike kwa nyundo. Na yule fundi wa Ankole anayechimba ekyanzi, yaani chombo cha maziwa cha mti mmoja, hahitaji uyoga wala pete mbili. Yeye sharti apate mpini mrefu na mwembamba, ili chuma kifike tumboni mwa chombo kupitia mdomo uliobana. Kila kazi huudai mpini wake.

Mwisho ni kuunganisha. Fundi huvisha kwanza pete aliyoikata katika bomba jembamba, kisha hutoboa. Wapo wanaoupasha moto mkia wa chuma chenyewe ukawa mwekundu, wakaupenyeza katika mti uunguze njia yake. Njia hii hushika vizuri, lakini moto ukipanda hadi kwenye ncha, chuma hupoteza ugumu wake na hakinoleki tena. Mwenye busara huunguza tundu kwa msumari mzee wenye unene ule ule, kisha hugongomelea chuma chake kikiwa baridi.

Fani si ganda

Sasa tunaweza kurudi kwenye uhakiki. Kwa muda mrefu wahakiki wa Kiswahili wamegawanya kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na wengine wamevifananisha na ganda na nyama ya tunda. Ganda humenywa likatupwa; kinacholiwa ni nyama. Wengi wetu tumefundishwa hivyo vyuoni, na tumewafundisha wengine hivyo. Mpini unakataa mfano huo. Mtu wa mbali atasema kwamba chuma ndicho maudhui, maana ndicho kinachokata, na mpini ni fani tu. Lakini tumeona kwamba urefu wa mpini ndio unaoamua ncha itafika wapi, ubapa wake ndio unaoamua ncha itazama kiasi gani, na ukavu wake ndio unaoamua kazi itadumu siku ngapi. Ukiutupa huo unaoitwa ganda, hubaki na nyama. Hubaki na kipande cha chuma kinachokuchoma mkono.

Tazama jinsi tunavyoandika juu ya nakshi za pwani. Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu imesifiwa sana, na miji hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Zanzibar mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Siwa mbili mashuhuri, ile ya pembe kutoka Pate na ile ya shaba ya Lamu, zimetunzwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Makala juu ya vitu hivi hutueleza maana ya samaki, ya mnyororo na ya yungiyungi katika milango. Hutueleza siwa ililizwa katika sherehe zipi. Mambo hayo ni ya haki. Lakini ni mara chache mwandishi huuliza duara lile lilichorwaje likawa duara. Anayechora duara katika shaba kwa kusukuma hakizungushi chuma peke yake. Huilaza kazi juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, akaizungusha kazi kwa mkono mmoja ili ikikabili chuma ambacho mkono wa pili umekishikilia. Uzuri wa duara ni mazungumzo ya mikono miwili. Mhakiki asiyelijua hilo atausifu uzuri kama mtu anayesifu shairi la lugha asiyoielewa: huenda asikosee, lakini hatutajua kwa nini amepatia.

Noleo na msuka

Hapa tunaingia katika wajibu wetu hasa, yaani lugha. Ile pete inayovishwa mpini mahali chuma kinapoingia ina jina la Kiswahili: noleo. Ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini nao una jina: msuka. Maneno haya si ya kubuni, wala hayakuundwa na kamati. Yalikuwamo vinywani mwa wahunzi na maseremala kabla hatujaanza kuandika kamusi, na kamusi zikayapokea. Hata hivyo, ni walimu wangapi wanaoyatamka? Tunapofundisha msamiati wa vifaa, tunaorodhesha nyundo, msumeno, randa, patasi na tupa, kila kimoja kikiwa na picha yake, kisha tunaendelea na msamiati wa jikoni. Tunawapa wanafunzi majina ya vitu vizima, na sehemu za vitu tunaziacha bila majina. Na mtu asiye na jina la sehemu hawezi kueleza kosa. Atasema tupa imeharibika. Aliye na jina atasema noleo limelegea kwa sababu mti ulikuwa mbichi. Yule wa kwanza atatafuta tupa nyingine, na huyu wa pili atatafuta mti mkavu.

Katika Kabazana jambo hili lina uzito zaidi. Kijana aliyekulia Kivu atasema muti na mukono, na bila shaka atasema mupini. Hivyo ndivyo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilivyohifadhi silabi ambayo Kiswahili sanifu kimeifupisha. Mwalimu mwenye haraka atamkatiza: sema mti, sema mkono, sema mpini. Kijana atanyamaza, na mwalimu ataandika alama. Lakini kama kijana huyo alikuwa katikati ya kueleza kwa nini mti wa kupasuliwa ni bora kuliko wa msumeno, basi darasa limepata silabi moja na kupoteza elimu nzima. Hatusemi kwamba usanifu usifundishwe. Mtihani utaudai, na kijana huyo ana haki ya kuufaulu. Tunasema kuna wakati wa kusahihisha na wakati wa kusikiliza, na fundi anayeeleza kazi yake asikilizwe mpaka mwisho, kisha ndipo ubao uandikwe mpini.

Hoja za kupinga

Wako walimu wenzetu watakaosema kwamba mambo haya ni ya vyuo vya ufundi. Mwalimu wa lugha ana muhtasari wake, ana mitihani, na hajui kushika patasi. Tunaiheshimu hoja hii, kwa sababu saa za kazi ni chache na madarasa yamejaa. Lakini hatuwaombi walimu washike patasi. Twawaomba wampe kinywa yule anayeishika. Nani alisema mwalimu wa lugha lazima awe mkulima ndipo afundishe methali za jembe?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Nchini Uganda Kiswahili kimebeba sifa mbaya kwa miaka mingi. Watu wengi walikifahamu kwanza kama lugha ya askari, na amri ya mwaka 1973 ya Idi Amin ya kukifanya lugha ya taifa haikukiongezea marafiki. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika hali hiyo, husema wapinzani wetu, Kiswahili chahitaji heshima: chahitaji tenzi, riwaya na hotuba, wala si magunzi na mipini. Sisi twaona kinyume chake. Lugha iliyoogopwa kwa kuwa iliamrisha haitapendwa kwa kuamrisha kwa ufasaha zaidi. Itapendwa mzazi wa Isingiro atakapoona kwamba mtoto wake, kwa Kiswahili, amejifunza kutoka kwa jirani Mkongomani namna ya kutia mpini usiochomoka. Heshima ya lugha huanzia mahali inapomfaa mtu.

Na haja ya kufaana ipo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi nchini Uganda kufanya kazi, na watu wa Nakivale hupewa kipande cha ardhi. Lakini mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwagawa watu katika makundi ya mahitaji, na wengi waliona mgawo wao ukipungua. Mti nao umekuwa adimu, kwa kuwa kila nyumba hupika kwa kuni au makaa. Kipande cha mpera chenye urefu wa kidole kinashindana na sufuria ya maharage. Anayejua kukichagua atakiweka kando, asiyejua atakichoma. Tofauti kati ya hao wawili ni maarifa, na maarifa hayo husafiri kwa maneno.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba fasihi yetu inaujua mpini kama alama ya mamlaka na ya usaliti, lakini haiujui kama kazi. Na kwamba upungufu huo umeingia katika uhakiki wetu na katika orodha zetu za msamiati. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika kufundisha hali ya kuamuru na mpangilio wa maelezo, mwanafunzi atakiwe kuandika namna ya kutengeneza kifaa kimoja cha nyumbani kwao, hatua kwa hatua, kisha mwenzake ajaribu kukitengeneza kwa kufuata maandishi hayo tu. Mahali atakapokwama ndipo insha ilipokosea, na hakuna kalamu nyekundu inayosahihisha vizuri kuliko hivyo. Pili, matawi ya chama chetu yakusanye majina ya sehemu za vifaa kutoka kwa mafundi, kwa matamshi yao wenyewe, yakiandikwa kando ya yale ya kamusi na si badala yake. Tatu, tunapohakiki kazi ya nakshi, tuanze pale mkono ulipoanzia, ndipo tufike kwenye maana.

Wasomaji watakaopinga mapendekezo haya wanakaribishwa kuandika. Tunawaomba tu kwamba kabla ya kuandika, wachukue tupa iliyo karibu, wautazame mpini wake, na wajiulize kama wanayo maneno ya kusema mpini huo una kosa gani.